Usiuze taa ya usipa ununue kitabu!

Laki mbili ya vitabu si haba, mradi ujue pa kuipeleka

HIVI wewe mwanachuo, umeshawahi kukaa chini na kalamu ukapiga hesabu ya vitabu unavyoambiwa ununue? Kama bado, leo tupige pamoja. Wengi wetu tunaingia chuoni na hesabu ya ada, ya chumba na ya msosi, halafu hili la vitabu tunaliacha lijipange lenyewe. Halijipangi, ndugu yangu. Linakungoja wiki ya pili ya semista, bumu likiwa limeshakatika kwenye godoro na ndoo.

Wanaokopa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, wanajua kwamba ndani ya mkopo kuna fungu la vitabu na vifaa vya kuandikia. Kwa miaka mingi miongozo ya Bodi imeliweka fungu hilo kwenye Sh 200,000 kwa mwaka. Sasa tazama upande wa pili. Kitabu kipya cha uchumi, baiolojia au uhasibu kilichochapwa Marekani, cha mwaka wa kwanza tu, ni kawaida kukikuta kinauzwa zaidi ya dola 100. Ukihesabu dola moja kwa Sh 2,500, hiyo ni Sh 250,000, na hapo hujalipia gharama ya kukisafirisha. Yaani fungu la mwaka mzima halifikii kitabu kimoja, wakati semista moja ina kozi tano au sita!

Mitaani buku ni elfu moja, chuoni buku ni kitabu. Mtu anapoambiwa buku moja la kusoma linameza mabuku 250 ya mfukoni, ndipo anapoanza kutazama kwao kuna nini cha kuuza.

Wazee wetu waliosoma kabla ya mwaka 1992, serikali ilipoanza kuwataka wanafunzi na wazazi wachangie gharama za elimu ya juu, hawakuijua sana presha hii. Sisi tunaijua. Kwa hiyo leo nina jambo moja tu la kukwambia, na mengine yote yanatoka humo: kitabu si lazima kiwe chako. Kinachotakiwa ni kiwe mbele ya macho yako siku unayokihitaji. Anayelielewa hilo ananunua vichache, ananunua kwa msimu, na vingine anakula na wenzake.

Orodha ya vitabu kumi na moja

Nilikuwa Mbinga kwa shughuli zangu, nikateremka ziwani kuwasalimu ndugu. Siku hizi Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, unashuka milima ya kahawa mpaka unakutana na maji ya Nyasa, halafu unashika njia ya kaskazini kuelekea Liuli. Wapenda historia wanaijua Liuli kwa jina la Kijerumani, Sphinxhafen, mahali ambapo Agosti 1914 meli ya Waingereza ilikuja kuipiga meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Mimi naijua kwa usipa wa kukaanga na kwa dada yangu aliyeolewa huko.

Nikakuta kikao. Binti wa dada kapata nafasi chuo kikuu, shahada ya ualimu, masomo ya uchumi na jiografia. Majina ya mkopo yanatoka kwa awamu na lake lilikuwa halijaonekana. Mkononi ana karatasi yenye vitabu kumi na moja.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Mbona sura hiyo?"

"Baba anataka kuuza taa mbili na betri yake. Eti za vitabu."

Wewe wa mjini usicheke. Usipa anafuatwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na taa ndiyo inayomwita mpaka kwenye wavu. Mwezi ukiwaka, mtumbwi unalala. Mwenye taa ana usiku chache tu za kupata hela ndani ya mwezi mmoja, na ukimpunguzia taa umempunguzia hata hizo chache. Kwa maneno mengine, shemeji alikuwa anataka kuuza kinacholipa ada ili anunue kitabu cha kusomea hiyo ada. Kule juu milimani ni vivyo hivyo, ila huko watu huuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye shida, wakati mavuno yenyewe hayajafika.

Nikamwambia shemeji, "Shem, hizo taa ziache kwanza. Nipeni penseli."

Tukampigia simu kijana wa Mbinga aliyekuwa mwaka wa pili kozi hiyo hiyo, tukaipitia orodha kitabu kwa kitabu. Vitatu ni vya semista ya pili, havina haraka. Viwili ni vya ziada, mwalimu huvitaja tu kwa anayependa kuongeza. Vitatu vimo maktaba ya chuo, na kinachosomwa humo ni sura mbili tatu. Kimoja cha uchumi kina mbadala wa bure kabisa kwenye intaneti, halali, nitakueleza huko mbele. Vikabaki viwili vya kununua. Viwili, kutoka kumi na moja!

Hivyo viwili yule kijana alijua nani anaviuza, Sh 30,000 kila kimoja, vimetumika lakini vizima. Binti akatafuta wenzake watatu wa kozi moja, wakachanga. Elfu sitini kwa watu wanne ni Sh 15,000 kila kichwa. Hela hiyo mama yake aliitoa kwenye ndoo mbili tatu za usipa mkavu, na taa zikabaki mtumbwini.

Sasa nikufafanulie hatua moja moja, maana kila mtu ana orodha yake.

Uliza kabla hujatoa hela

Orodha ya vitabu ina tabaka. Kuna cha lazima, ambacho mhadhiri anafundishia na kutungia mtihani. Kuna cha kusaidia. Na kuna cha kupamba karatasi, kilichokaa hapo tangu orodha ilipochapwa mara ya kwanza, na hata maktaba hakipo. Mtu pekee anayejua tofauti ni aliyekutangulia. Mshike mwaka wa pili mmoja mwenye moyo mzuri, umnunulie soda, umwulize maswali matatu: Kipi mlikifungua kila wiki? Kipi hamkukigusa? Mtihani ulitoka sura zipi?

Halafu subiri. Usinunue kitabu chochote kabla ya kipindi cha kwanza, labda uwe umeshaambiwa na waliokutangulia kwamba hicho hakikwepeki. Wahadhiri hubadilika, na anayekuja anaweza kuja na kitabu chake.

Toleo la zamani: lini sawa, lini hatari

Wachapishaji wa Ulaya na Marekani wana mchezo wao. Kila baada ya miaka michache wanatoa toleo jipya, picha ya jalada inabadilika, mazoezi yanahamishwa kurasa, bei inapanda. Toleo lililotangulia linaporomoka bei siku hiyo hiyo. Sasa fizikia ya mwaka wa kwanza, hisabati, takwimu, misingi ya uchumi, hayo hayabadiliki kila baada ya miaka mitatu. Chukua toleo la zamani, weka yaliyomo ya vitabu viwili pembeni, linganisha sura kwa sura. Zikifanana, umeokoa mkwanja. Tatizo dogo ni namba za maswali ya nyumbani, na hilo unalimaliza kwa kupiga picha ukurasa wa mazoezi kwa mwenye toleo jipya.

Lakini kuna masomo ambayo kitabu cha zamani kitakudanganya, na uongo wake una madhara.

Uuguzi na udaktari ni la kwanza. Kitabu cha miaka ya 1990 kitakwambia dawa ya malaria ni klorokwini. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikahamia SP, kisha mwisho wa 2006 ikaingia dawa mseto ya ALu. Mwanafunzi anayejibu mtihani kwa kitabu cha bibi yake atapata sifuri, na akienda nacho wodini ni balaa. Huko tumia miongozo mipya ya Wizara ya Afya.

La pili ni sheria na kodi. Sheria ya Ardhi ni ya 1999, Sheria ya Makampuni ni ya 2002, Sheria ya Kodi ya Mapato ni ya 2004 iliyofuta ile ya 1973, na kila mwaka Bunge linapitisha Sheria ya Fedha inayogusa viwango. Kitabu cha kodi cha miaka mitano nyuma kinafaa kujifunza kanuni. Ukipigia hesabu kwa viwango vyake, umeumia.

Hata jiografia ya hapa kwetu ina mtego huo. Kitabu cha kabla ya 2012 kitakwambia Mbamba Bay na Liuli ziko Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka huo kuna Wilaya ya Nyasa. Anayeandaa masomo ya kufundisha watoto wa Nyasa asiwaambie wako wilaya nyingine!

Kula pamoja ni mila ya huku

Wamatengo wa milima ya Mbinga wana kitu kinaitwa sengu. Zamani watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, na hapo hapo wakazungumza mambo yao: shamba la nani liko nyuma, nani ana shida, nani kakosea. Ni watu hao hao waliochimba mashimo ya ngoro kwenye miteremko mikali ili mvua isiondoke na udongo wao. Mlima wa namna ile haulimwi na mtu anayefikiri peke yake.

Vitabu vya chuo vinataka sengu. Tuseme mko watano, kozi moja, chumba kimoja au vyumba jirani. Kuna vitabu vitano vya lazima, na mmevipata vilivyotumika kwa wastani wa Sh 40,000. Kila mtu akijinunulia vyote, anatoa laki mbili, fungu lake lote la mwaka. Mkichanga mkanunua seti moja, kila mtu anatoa Sh 40,000. Mwisho wa mwaka mkiviuza kwa nusu bei, kila mmoja anarudishiwa Sh 20,000. Umesoma vitabu vitano kwa Sh 20,000, mwanangu! Hiyo ni bei ya sahani chache za chipsi mayai.

Nawasikia mnaguna: "Vikundi vya kuchangia vinavunjika." Ni kweli, vinavunjika, na nimeviona vikivunjika kwa sababu zile zile kila mwaka. Mmoja analala na kitabu wiki ya mtihani. Mwingine anakiazima kwa mpenzi wake, mapenzi yakiisha na kitabu kimekwenda. Wa tatu hajamaliza mchango wake lakini ndiye wa kwanza kukishika. Dawa yake ni masharti mnayoyaandika siku ya kwanza, mkiwa bado mnapendana:

Kwanza, hela yote itoke kabla kitabu hakijanunuliwa. Ahadi ya "bumu likitoka" haifungui jalada.

Pili, kila kitabu kina mlezi mmoja. Anayejua kiko wapi saa hizi ni yeye, na kikipotea anaulizwa yeye.

Tatu, zamu za usiku ziwe kwenye karatasi ukutani, na wiki mbili kabla ya mtihani hakuna anayelala nacho. Kinakaa mezani, mnakisoma pamoja. Mkikaa watano kimbweteni mkaulizana maswali, mnaelewa kuliko mmoja anayejifungia.

Nne, marufuku kuazima nje ya kikundi. Hata kwa shemeji.

Tano, mkubaliane mapema kitauzwa lini na nani ataomba kubaki nacho kwa kuwalipa wenzake.

Watu wanne au watano wanatosha. Mkifika wanane, zamu yako itakukuta umeshafanya sup.

Vitabu vina msimu, kama kahawa

Hili wengi hawalitazami. Kitabu kilichotumika kina msimu wa kushuka na msimu wa kupanda. Vyuo vikuu vyetu vingi vinafunga mwaka karibu Julai. Wanaomaliza wanataka nauli, wanataka kupunguza mzigo, na hawataki kubeba maboksi ya vitabu mpaka Songea. Hapo ndipo utaona matangazo yamebandikwa kila nguzo. Ukifika Novemba, mwaka wa kwanza wameingia na bumu limeingia, kitabu kile kile kimepanda kwa sababu kila mtu anakitaka.

Na kwa mtu wa Mbinga, Julai ina neema nyingine. Katikati ya mwaka ndio mavuno ya kahawa. Mzazi akipata malipo ya kwanza, mwambie mapema akutengee kidogo cha vitabu kabla hela haijaingia kwenye bati, harusi na madeni ya mbolea. Ukimngoja Novemba, unamwomba hela ambayo haipo, kununua kitabu ambacho kimepanda.

Kama uko nyumbani na kitabu kiko Dar, usipande basi kukifuata. Mwombe ndugu au mshikaji akupitie kwenye meza za vitabu vilivyotumika, zile za katikati ya jiji, akikague, akifunge vizuri, akitume kwa basi kama kifurushi. Akikague kweli kweli, sisemi alitazame jalada. Nina mwenzangu aliyenunua kitabu cha hesabu kwenye duka moja mjini, jalada linang'aa kama sahani ya arusi. Kufika nyumbani, sura ya saba haipo, imechanwa yote. Na mtihani ulitoka humo humo! Kwa hiyo funua kurasa zote, tazama kama namba zinafuatana, tazama majibu ya nyuma, nusa kama kimelowa.

Ukikutana na vitabu vya zamani vyenye nembo ya ELBS, jua ni vile vilivyokuwa vikipunguzwa bei kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza kwa ajili ya wanafunzi wa nchi kama yetu, mpango uliokoma miaka ya 1990. Na vya Mir vilichapwa Moscow enzi za Urusi ya Kisovieti, navyo viliuzwa bei ya karanga. Kwa hisabati na fizikia za msingi bado ni nondo za nguvu. Usizidharau kwa rangi yake ya udongo.

Mthai aliyewatoa jasho wachapishaji

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwanachuo angepaswa kukijua. Supap Kirtsaeng, kijana wa Thailand, alikwenda kusoma hisabati Marekani. Akagundua kwamba vitabu vile vile vya chuo, vya mchapishaji yule yule, kwao Thailand vinauzwa bei ya chini sana kuliko Marekani. Akawaambia ndugu zake wanunue huko, wamtumie, yeye akawa anaviuza Marekani na kubakiwa na faida. Kampuni ya John Wiley & Sons ikampeleka mahakamani, na baraza la wazee wa mahakama likaamuru alipe dola 600,000!

Kijana hakukata tamaa. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, na tarehe 19 Machi 2013 majaji sita dhidi ya watatu wakasema aliyenunua kitabu kihalali, hata kama kimechapwa nje, ana haki ya kukiuza tena.

Sheria ya Marekani haitawali Mbinga. Lakini kisa kinatufundisha kwamba bei ya kitabu haikushuka kutoka mbinguni. Kitabu kimoja kina bei ya tajiri na bei ya wengine. Toleo la India la karatasi nyepesi mara nyingi lina maneno yale yale ya toleo la Marekani, kwa sehemu ndogo ya bei. Kwa hiyo unapoulizia kitabu, usiishie kwenye jina. Uliza, "Kuna cha India?"

Maktaba si pa kujificha jua

Kuna watu wanamaliza miaka mitatu wakiijua maktaba kwa sababu ya feni tu. Jamani! Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ilijengwa kwa uwezo wa kubeba vitabu 800,000. Na chuo kisicho na jengo la namna hiyo bado kina rafu, na kwenye rafu kuna kile kitabu cha laki mbili na nusu.

Siri ya maktaba ni kuwahi. Kitabu cha lazima huwa kina nakala chache, na vyuo vingi huziweka sehemu ya kusomea humo humo kwa saa. Ukienda wiki ya mtihani utakuta foleni. Ukienda wiki ya tatu, utakuta mhudumu anakushangaa. Soma sura inayofundishwa wiki hiyo, andika muhtasari wako, rudisha.

Likizo nayo isikukatishe tamaa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba ya mkoa pale Songea, kama kilomita 100 kutoka Mbinga mjini. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo Songea kwa wanafunzi wake wanaosomea makwao. Ukienda Songea kwa shughuli nyingine, ongeza na hiyo. Huku kwetu, kuanzia Mbinga hadi Lituhi, utapata steshenari za madaftari, biro na vitabu vya shule ya msingi, lakini cha chuo utakitafuta mpaka uchoke.

Kudesa na sheria yake

Tuje kwenye fotokopi, maana bila madesa vyuo vyetu vingefungwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999. Kutoa nakala ya kurasa unazozihitaji kwa kujisomea mwenyewe ni jambo moja. Kugonga kitabu kizima, kukibana kwa waya na kukiuza langoni ni jambo jingine, na huyo anayeuza anamwibia mwandishi. Kama mwandishi ni mhadhiri wa Kitanzania aliyekiandika kwa jasho na anakiuza kwa bei ya kawaida, kinunue. Tukimwua huyo, kesho tutabaki na vitabu vya dola 100 peke yake.

Huko India jambo hili lilifika mahakamani. Oxford, Cambridge na Taylor & Francis walilishitaki duka dogo la fotokopi la Rameshwari, ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, kwa kutengeneza vitini vya kurasa zilizochaguliwa na walimu. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikaona kuwa sheria ya India inaruhusu hilo kwa ajili ya mafunzo, na mwaka 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi. Ni sheria yao, si yetu, lakini wazo la kitini ni zuri. Mwalimu akichagua sura nane kutoka vitabu sita, humlazimu mtu kununua vitabu sita. Wawakilishi wa madarasa, hilo ni la kumwomba mhadhiri mapema, kwa heshima.

Na jambo la hesabu: kabla hujagonga kurasa 300, zidisha kwa bei ya ukurasa. Mara nyingi utakuta fotokopi imekaribia bei ya kitabu chenyewe kilichotumika, na fotokopi hakuna wa kuinunua mwakani.

Bure ya halali ipo

Niliahidi kukwambia kuhusu uchumi. Chuo Kikuu cha Rice cha Texas, Marekani, kina mpango unaoitwa OpenStax, ulioanza kutoa vitabu mwaka 2012. Ni vitabu kamili vya chuo vya uchumi, uhasibu, takwimu, fizikia, kemia, baiolojia na sosholojia, vilivyoandikwa na wataalamu, na kuvipakua ni bure. Siyo wizi, siyo sampuli ya sura moja. Ni kitabu kizima.

Wanafunzi wa ualimu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya shule mtakavyokwenda kufundishia. Wa afya, ulizeni chuoni kama kimejiunga na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002 kuzifungulia taasisi za nchi kama zetu majarida na vitabu vya tiba.

Ila pakua ukiwa chuoni, kwenye intaneti ya chuo. Usisubiri ufike Liuli uanze kuunguza bando kwa kitabu cha kurasa 800. Mmoja apakue, wengine mrushiane kwa simu au flashi. Na zile tovuti zinazokupa pdf ya kila kitabu cha dunia bila kuuliza, ziogope. Nyingi zinatoa kitabu cha wizi na kirusi juu, na ukifika wiki ya mtihani na kompyuta iliyokufa, hutapata wa kumlalamikia.

Kalenda ya kubandika ukutani

Kwa wale mnaosoma mwisho kwanza, fupisho ni hili.

Juni na Julai: pata orodha ya mwaka ujao kutoka kwa waliokutangulia, ichuje kwa penseli. Tenga hela ya kahawa au ya usipa mapema. Nunua vya lazima kwa wanaomaliza.

Agosti na Septemba: tafuta wenzako wa kuchangia, hasa wa kozi moja mnaotoka upande mmoja. Andikeni masharti.

Oktoba na Novemba: msikilize mhadhiri kwanza. Ingia maktaba wiki ya tatu. Pakua vya bure. Bumu likitoka, fungu la vitabu liweke kando siku hiyo hiyo, kabla viatu havijakuita.

Mwisho wa mwaka: uza visivyo vya kazi yako. Vile utakavyovitumia kazini, kamusi, kanuni, vya kufundishia, baki navyo. Na kama una mdogo wako au jirani anayefuata njia hiyo, mwachie kimoja. Huku ziwani kitabu kimoja kizima kinaweza kusomesha watu wanne mmoja baada ya mwingine, mradi kila mmoja akifunike kwa gazeti, asikikunje masikio, na aandike kwa penseli.

Ikiwa gazeti utakalokifunikia ni hili, mimi sitakasirika. Mradi usome kwanza ukurasa huu, uichuje orodha yako, ndipo umpigie mzee simu ya hela.